Tangi dogo la samaki: nani akae na nani?

Barua nyingi zilizotufikia zinauliza jambo lilelile kwa namna mbalimbali: samaki gani wa mapambo wanaweza kukaa pamoja kwenye tangi la maji baridi (yaani yasiyo ya chumvi) lisilozidi urefu wa sentimita 60. Tunaanza na barua yenye matatizo mengi, kwa kuwa wengine wengi watajiona humo.

Nilinunua tangi la urefu wa sm 60, upana 30 na kimo 35. Siku hiyohiyo nilijaza maji ya bomba, nikaweka goldifishi wawili, enjofishi wawili, neoni sita, taiga babi watatu na pleko mmoja wa kusafisha kioo. Sasa ni wiki ya tatu. Neoni wamebaki wawili na sijaona mzoga hata mmoja. Enjofishi wamechanika mapezi, goldifishi mmoja amekufa, na maji yana ukungu mweupe. Tatizo ni nini?
*Msomaji, Tabata, Dar es Salaam*

Pole sana, ndugu yetu. Una matatizo mawili na kila moja lina dawa yake: maji hayajakomaa, na samaki uliowachagua hawawezi kuishi nyumba moja.

Maji kwanza. Samaki hutoa amonia, nyingi ikipitia kwenye matamvua, na mabaki ya chakula yakioza huongeza nyingine. Katika tangi lililokomaa kuna bakteria waliojishika kwenye sifongo ya kichujio na juu ya mchanga. Kundi moja hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kundi la pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia mradi unabadilisha maji kila wiki. Bakteria hao huhitaji wiki nne hadi sita ili watoshe. Wewe uliweka samaki 14 siku ya kwanza, wakati bakteria hao walikuwa bado hawajakuwepo. Ukungu unaouona ni bakteria wa aina nyingine wanaokula uchafu unaoelea. Usiuwekee dawa. Badilisha robo ya maji kila siku kwa muda wa wiki moja, lisha chakula kidogo siku moja na kuruka siku moja, na usioshe sifongo kwa maji ya bomba, kwa kuwa klorini itaua bakteria wachache uliokwisha kuwapata. Sifongo huminywa ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka tangini, basi. Maji mapya yatie dawa ya kuondoa klorini. Ukiikosa, yaache kwenye ndoo wazi kwa saa 24 huku pampu ya hewa ikiyapuliza.

Sasa samaki. Neoni wako hawakufa wakapotea, wameliwa. Enjofishi na neoni wote asili yao ni bonde la mto Amazon, na huko samaki mwembamba wa sentimita tatu ni chakula cha enjofishi. Dukani enjofishi huuzwa akiwa mdogo kiasi cha kutoweza kummeza neoni, kisha hukua hadi mwili wa sentimita 15, na ukipima kutoka ncha ya pezi la juu hadi la chini anazidi 20. Anataka tangi lenye kimo cha sm 50 hivi, kwa hiyo kwenye tangi lako hana nafasi hata akiwa peke yake.

Mapezi yamechanwa na taiga babi. Hawa huishi kwa ngazi za ukubwa ndani ya kundi lao, na wakiwa wanane au zaidi hupambana wao kwa wao bila kuumizana sana. Ukiwaweka watatu, ugomvi wote unahamia kwa yeyote mwenye mapezi marefu na mwendo wa polepole. Kundi la wanane linahitaji tangi la sm 80, na enjofishi, gapi na beta wasiwe humo kabisa.

Goldifishi ni samaki wa maji ya nyuzi 18 hadi 22. Tangi la Dar es Salaam lisilo na kifaa cha kupoza huwa na nyuzi 28 hadi 30 miezi ya joto. Maji ya nyuzi 25 yanaweza kushika oksijeni ya miligramu 8.3 hivi kwa lita, ya nyuzi 30 miligramu 7.6 tu, na wakati huohuo joto linamfanya samaki ahitaji hewa zaidi. Ongeza na hili: goldifishi wa mkia mmoja hufika sentimita 30, na wote hutoa uchafu mwingi. Pleko wa kawaida naye hufika sentimita 30 na kuendelea, na kinyesi chake kitakupa kazi kubwa kuliko ukoga alioula. Kioo cha tangi husafishwa kwa kipande cha sifongo na mkono wako.

Ushauri wetu ni kuwarudisha dukani wote, hata kama duka halitakurudishia fedha, uanze upya. Tangi lako kwa hesabu ni lita 63. Ukitoa mchanga na nafasi ya juu, yanabaki maji ya lita 50 hivi. Kwa joto la Dar tunapendekeza gapi madume wanane na koridora (kambare wadogo wa sakafuni) sita wa aina ya sterbai, ambao huvumilia joto kuliko koridora wengi. Waingie kwa awamu: gapi wanne kwanza, wanne wengine baada ya wiki mbili, koridora baada ya wiki sita, kwa kuwa wao hawavumilii amonia. Sakafu iwe mchanga laini. Koridora hutafuta chakula kwa kuzamisha pua na sharubu zao mchangani, na kokoto zenye ncha huzikwangua sharubu hizo mpaka zioze. Ikiwa maji yako ni ya kisima chenye chumvichumvi, waache koridora na ubaki na gapi peke yao.

Nimejaribu gapi mara kadhaa. Wanakaa wiki chache, wanakonda, wanabana mapezi, kisha wanakufa mmojammoja. Jirani ana neoni na hawafi. Tangi ni lita 54, maji ni ya bomba.
*Msomaji, Kasarani, Nairobi*

Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Nairobi hutoka kwenye mabwawa ya milima ya Aberdare, likiwemo la Ndakaini, na ni maji laini, yaani yana chokaa kidogo. Jirani amepata samaki wa maji laini, wewe umechagua wa maji magumu. Gapi, moli na plati mili yao imezoea maji yenye kalsiamu na magnesi ya kutosha. Wakiyakosa hushindwa kulinganisha chumvi za mwili, nguvu zinaisha, na ugonjwa wowote mdogo unawamaliza. Dawa za dukani haziwezi kutibu hali hiyo.

Kipimo rahisi cha nyumbani ni birika. Likijenga ukoko mweupe ndani ya wiki chache, maji ni magumu. Likibaki safi kwa miezi, ni laini. Vijiti vya kupimia vinakupa nambari: gapi wanataka nyuzi za ugumu 8 kwenda juu, neoni wanastawi chini ya 10.

Una njia mbili. Ya kwanza ni kuyafuata maji, nasi tunaipendelea: neoni 10 na koridora sita wa aina ya paleatus, ambao wanafurahia maji ya ubaridi wa nyuzi 22 hadi 24. Neoni wawe 10 kweli. Wakiwa wanne hujificha nyuma ya mimea na rangi yao hufifia. Wasiingie kabla tangi halijakomaa, wala wasiwe samaki wa kwanza.

Njia ya pili ni kuyabadilisha maji. Chukua gramu 50 hadi 100 za maganda ya chaza yaliyovunjwavunjwa, yale yanayouzwa kwa wafugaji wa kuku, yaoshe, yafunge kwenye soksi safi ya nailoni, na uiweke pale maji ya kichujio yanapopita. Yatayeyuka polepole na kupandisha ugumu. Chagua vipande na uache unga, kwani unga hupandisha kwa ghafla kipimo cha pH, yaani kiwango cha asidi au alkali ya maji. Na kila unapobadilisha maji, badilisha kidogo, asilimia 15 hadi 20, ili ugumu usiyumbe.

Kwa vyovyote weka hita. Usiku wa Julai chumba kisicho na moto kinaweza kushuka hadi nyuzi 16 au 17. Kadiria wati moja hadi moja na nusu kwa lita: kwako wati 75 inatosha, ikipangwa nyuzi 24.

Jambo jingine kuhusu gapi, maana wengi hulisahau. Jike mmoja huzaa kila baada ya wiki nne hivi, mara nyingi vifaranga 20 hadi 50, na huhifadhi mbegu za dume mwilini kwa miezi. Ukinunua majike peke yao bado watazaa. Kama hutaki tangi lijae, nunua madume tu. Kama unataka uzazi, weka majike wawili au watatu kwa kila dume, la sivyo jike mmoja atafukuzwa mchana kutwa mpaka achoke.

Beta mmoja anaweza kukaa na gapi? Muuzaji amesema beta anapigana na beta wenzake tu.
*Msomaji, Kisauni, Mombasa*

Hapana, dada yetu. Beta dume humshambulia yeyote anayefanana na beta dume mwingine: mkia mpana, rangi kali, mwendo wa madaha. Gapi dume ndivyo alivyo hasa. Mara nyingine mambo hugeuka, gapi wanamdonoa beta mkia mpaka anabaki na vijiti. Mweke na koridora sita kwenye tangi la lita 50 lenye mimea mingi, au peke yake kwenye lita 20. Mkondo wa kichujio uwe dhaifu na kifuniko kiwepo, maana huruka. Ni kweli hupumua hewa ya juu ya maji, lakini amonia inamuunguza kama inavyowaunguza wengine, kwa hiyo bakuli la kioo lisilo na kichujio si makao.

Nimekulia pembezoni mwa Ziwa Tanganyika. Ningependa samaki wa ziwa letu ndani ya tangi la sm 60. Muuzaji ananishauri nichukue Tropheus wanne kwa sababu ya rangi. Inafaa?
*Msomaji, Sumbawanga*

Tropheus usichukue. Ni samaki wazuri sana, lakini ni wagomvi wanaohitaji kuwa kundi la 15 au zaidi ili ugomvi usambae, na tangi lisilopungua sm 120. Wanne ndani ya sm 60 watauana hadi abaki mmoja. Pia ni walaji wa ukoga wa mawe. Wakipewa vyakula vya nyama na mafuta, tumbo hujaa, wanaacha kula na kufa ndani ya siku chache.

Hata hivyo hilohilo ziwa lina samaki ambaye tangi la sm 60 kwake ni uwanja mpana: Neolamprologus multifasciatus, wa pwani za kusini mwa ziwa. Dume hufika sentimita 4.5 hivi, jike tatu na kitu. Huishi ndani ya makombe matupu ya konokono aitwaye Neothauma, yaliyorundikana kwenye sakafu ya ziwa. Kila mmoja ana kombe lake na huhamisha mchanga mdomo kwa mdomo kulipanga mlango. Ukimwangalia kwa nusu saa utaacha kutamani samaki wa rangi. Sisi tunaamini hakuna samaki wa tangi dogo anayempita kwa tabia.

Mpangilio ni huu. Mchanga laini wa kina cha sentimita 5 hadi 7, kwa kuwa watachimba, na mawe yoyote yakae juu ya kioo chenyewe, si juu ya mchanga, yasije yakaporomoka. Makombe 20 hadi 25 yenye mlango wa sentimita mbili hivi. Usipopata ya ziwani, makombe ya konokono wadogo wa nchi kavu yanafaa. Yachemshe dakika kumi na uyatikise vizuri, maana kipande cha nyama kilichobaki kwenye mzunguko wa ndani kikioza kitaharibu maji yote. Nunua wachanga sita hadi wanane kwa pamoja na uwaache wajipange wenyewe, kwa kuwa kutambua dume na jike wakiwa wadogo ni vigumu. Wakianza kuzaa, vifaranga hukaa palepale kwenye makombe ya wazazi, na vizazi kadhaa huishi pamoja. Chakula kiwe chembe ndogo: vipande vikavu vilivyosagwa na vifaranga vya artemia (vijidudu jamii ya kamba wa maji ya chumvi).

Maji yawe na pH kati ya 8 na 9 na joto la nyuzi 24 hadi 27. Kipimo hicho cha pH ndicho kinachowaponza wengi. Amonia ina sura mbili, na ile yenye sumu kali huongezeka pH inapopanda. Kwenye nyuzi 25, pH ikiwa 7, sehemu yenye sumu haifiki asilimia moja ya amonia yote. Ikiwa 8 ni asilimia 5 hivi, na ikiwa 9 inazidi theluthi. Kiasi kilekile cha uchafu ambacho neoni wangekivumilia kitawaua samaki hawa usiku mmoja. Kwa hiyo tangi lao likomae kabisa kabla hawajaingia: tia kila siku chembe chache za chakula kwenye tangi tupu kwa wiki nne hadi sita, na usinunue samaki mpaka kipimo kionyeshe amonia sifuri na nitriti sifuri.

Majirani? Kwenye sm 60 wasiwepo. Gapi watakula vifaranga, koridora hawapendi maji hayo, na sikilidi (jamii ya samaki hawa) wengine wa ziwa watawafungia makombeni. Ukitaka kuwakamata, inua kombe pamoja na samaki wake, lishike mlango ukitazama chini sentimita chache juu ya ndoo, atatoka mwenyewe maji yakipungua. Usimchokoe kwa kijiti. Na kabla ya kwenda kujivulia ziwani, pita ofisi ya uvuvi ya wilaya uulize kuhusu kibali.

Kuna samaki wadogo wenye mkia mwekundu kwenye madimbwi ya mvua. Watakaa na gapi?
*Msomaji, Fuoni, Unguja*

Maelezo yako yanaelekea kwa Nothobranchius guentheri, samaki wa Zanzibar anayejulikana kwa wafugaji duniani kote. Wape tangi lao: lita 30 kwa dume mmoja na majike watatu, kifuniko kisicho na upenyo, mwanga hafifu. Gapi watashindana nao chakulani, na mayai hutayapata.

Mayai ndiyo utamu wa samaki huyu. Kwake dimbwi hukauka na wazazi hufa, mayai yakabaki ndani ya tope yakisubiri mvua. Weka bakuli lenye vumbi la makumbi ya nazi lililochemshwa na kusuuzwa mpaka maji yake yawe meupe. Watataga humo. Baada ya wiki moja au mbili litoe, likamue lisidondoshe maji, lifunge kwenye mfuko wa plastiki na uliandike tarehe. Lihifadhi miezi mitatu hivi kwenye joto la kawaida la chumba, nyuzi 24 hadi 26. Kisha mimina juu yake maji yaliyopoa kidogo. Vifaranga hutoka ndani ya saa chache, na siku hiyohiyo wanahitaji vifaranga vya artemia, kwa hiyo vitotoleshe siku moja kabla. Wachukue wachache tu kutoka dimbwini, na wasirudishwe huko wakiisha kukaa na samaki wa dukani.

Mfugaji amenipa vifaranga vitano vya sato. Nichanganye na gapi?
*Msomaji, Kisumu*

Hapana. Akiwa na sentimita tano tayari anakula vifaranga vya gapi, na baada ya miezi michache gapi wakubwa nao wanatosha mdomoni. Mrudishie mfugaji. Usimwachie mtoni wala ziwani samaki yeyote aliyekaa kwenye tangi.

Umeme ukikatika kwa muda wa saa sita, nifanye nini?
*Msomaji, Goma*

Usilishe siku hiyo. Tumia pampu ya hewa ya betri, au chota maji kwa jagi na kuyamimina kutoka juu, mara kumi kila nusu saa. Kichujio cha sifongo kilicho wazi ndani ya tangi hakiharibiki upesi. Kile cha nje kilichofungwa ndicho cha kuogopa: bakteria wake hukosa oksijeni na kufa, na umeme ukirudi husukuma uozo wote tangini. Kifungue, mwaga maji yaliyolala ndani, minya sifongo kwenye maji ya tangi, ndipo uwashe.

Samaki wapya wanatuletea madoa meupe kila mara. Tuwaingizeje?
*Mwalimu wa klabu ya sayansi, Tanga*

Mwalimu, mnahitaji ndoo ya lita 20, sifongo ndogo iliyokaa wiki kadhaa kwenye tangi kuu, na wavu wa peke yake. Mfuko wa samaki uelee ndani ya ndoo hiyo dakika 15, kisha ongezeni nusu kikombe cha maji ya ndoo kila baada ya dakika tano mpaka mfuko ujae mara mbili. Watoeni kwa wavu. Maji ya duka yamwagwe nje. Wakae hapo wiki tatu. Madoa kama chembe za chumvi yakitokea, pandisheni joto nyuzi moja kila baada ya saa chache hadi 30, ongezeni hewa, na mshikilie hapo siku kumi, hata kama madoa yametoweka siku ya nne. Kimelea hicho hutoka kwenye ngozi na kuzaliana sakafuni kabla ya kurudi kwa samaki, na mkiacha mapema kizazi cha pili kitawakuta. Koridora wa paleatus na neoni hawatalimudu joto hilo muda wote huo. Kwao bakini nyuzi 26 na mtumie dawa ya madoa meupe kwa nusu ya kipimo kilichoandikwa kwenye chupa.